Sifa Ulizozificha Kwenye Daftari

Mwalimu wangu Bakari,

Shikamoo. Najua leo hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini nimekuamkia hivyo miaka na miaka, kwanza nikiwa na sketi ya shule na baadaye nikiwa na chaki yangu mwenyewe, na mkono haujui kuanza barua yako kwa neno jingine.

Nakuandikia nikiwa maabara, kwenye kiti chako kile kinachochechemea. Wanafunzi wako nje wanafagia uwanja. Msimu wa machungwa umekolea, Muheza nzima inanuka maganda, na madawati ya kidato cha kwanza yananata kama kawaida yake. Inakaribia mwaka sasa tangu uondoke. Bomba la maabara limetengenezwa, hutaamini. Maji yanatoka. Chura wako wa kwenye chupa bado yupo, nimembadilishia dawa, na watoto wameendelea kumwita Mkuu wa Shule Msaidizi. Vipindi vyako vyote vya Biolojia nimepewa mimi, na siku ya kwanza nilisimama mbele ya kidato cha pili nikasema "haya, kimya kidogo" kwa sauti yako kabisa. Darasa zima lilicheka. Mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji, kisha nikarudi nikafundisha usagaji wa chakula.

Nina habari mbili. Moja ni nzuri sana na nyingine ni aibu yangu. Naanza na ya aibu, maana nisipoitoa kwanza hii nzuri haitaeleweka, na pia kwa sababu nimeibeba tangu ukiwa hai na imenichosha.

Inahusu Zuhura.

Unakumbuka ile fomu iliyoletwa shuleni na mkuu wetu, ya ule mpango wa kupeleka wanafunzi wa sekondari na walimu wao nchi za nje kwa wiki sita? Kila shule mwanafunzi mmoja na mwalimu mmoja, wakakutane na wenzao wa mataifa mengine, wasome msitu pamoja. Tulikaa hapa hapa maabara ukaisoma mara mbili, ukavua miwani, ukasema, "Zuhura." Hukutaja jina jingine. Alikuwa kidato cha pili, binti wa mama anayepanga machungwa sokoni, mwembamba, mwenye maswali mengi kuliko adabu, kama ulivyopenda kulalamika. Tukakubaliana akichaguliwa yeye, mimi ndiye niende naye, maana wewe ulisema magoti yako hayapandi tena ndege wala mlima.

Fomu ilitaka barua ya mwalimu kumwelezea mwanafunzi wake. Ukaiandika kwa mkono, kwa ule mwandiko wako uliolala, ukanipa nikaitafsiri na kuichapa kwenye duka la steshenari pale karibu na stendi. Niliisoma njiani nikasimama. Nakumbuka kila neno. "Mwanafunzi huyu anajitahidi. Si mtukutu. Maendeleo yake si haba. Akipewa nafasi, tunatarajia hatatuaibisha."

Basi. Mistari minne kwa mtoto uliyekuwa ukimngojea darasani kwa hamu, nilikuona.

Mwalimu, nilijua. Nilijua kwamba watu watakaoisoma ile barua hawatoki Tongoni. Hawajui kwamba kwenu mtoto wa watu hasifiwi mbele ya watu, kwamba mtoto mzuri huitwa kibaya ili jicho la hasidi limpite. Hawajui kwamba "si haba" kutoka kinywani mwako ni kitu mtu anakifurahia wiki nzima. Kule barua za walimu wengine zilikuwa zinaruka na kupiga kelele, huyu ni nyota, huyu ni wa pekee, na yetu iliingia katikati yao ikiinama na kuvua viatu mlangoni.

Nilikaa mbele ya kompyuta pale steshenari na vidole vyangu vikawa tayari kuongeza. Neno moja tu, "hodari." Sikuliongeza. Nilijiambia, mimi ni nani hata nimsahihishe aliyenifundisha kushika hadubini? Ningekurudia nikuambie, "Mwalimu, barua haitoshi"? Kwa adabu gani? Nikachapa kama ilivyo, nikatuma.

Majibu yalikuja kwenye barua pepe yangu, kwa kuwa wewe hukuwa nayo. Hawakumchukua. Na walieleza sababu, Mwalimu. Walisema majibu ya msichana mwenyewe yaliwavutia, ila barua ya mwalimu wake inaonyesha kwamba shule haina imani naye sana.

Nilikuja nikakuambia, "Nafasi zilikuwa chache." Ukafuta miwani kwa ncha ya shati, ukasema, "Mungu hajapanga." Ukamwita Zuhura ukamwambia hivyo hivyo, akaitika "ndiyo, Mwalimu" na kwenda kufuta ubao. Muhula uliofuata presha ikakuchukua kwa siku mbili tu. Sikuwahi kukuambia. Siku ya maziko sisi wanawake tulibaki uani kwa Mama Mwanaisha, mkeo, nikachambua mchele na wenzangu huku nimejifunga khanga ya kuazima, mimi Mlutheri wa milimani, na wakati wanaume wanakupeleka nilikuwa nimeinamia ungo nikifikiri, ameondoka bila kujua. Naomba unisamehe. Nilikunyima ukweli nikauita heshima.

Sikulaumu wewe. Uliwahi kunieleza, ule mwaka tulipopeleka klabu ya Biolojia kwenye msitu wa Amani, tukiwa tumekaa kwenye gogo watoto wanakula viazi. Ulinieleza habari za dada yako, msichana wa kwanza pale kijijini kufaulu kwenda sekondari, jinsi watu walivyomsifu kisimani, msikitini, kila kona, na jinsi homa ilivyomlaza kabla hajashona hata sare. Ulisema, "Mimi sijui kama naamini mambo ya jicho. Lakini mdomo wangu unaamini." Nilitaka kucheka, nikaona uso wako, nikakumenyea kiazi.

Sasa nikupe yaliyofuata.

Mwaka huu fomu imekuja tena. Zuhura yuko kidato cha tatu, amerefuka, maswali hayajapungua. Nikamwambia ajaze. Safari hii wameongeza kipengele: mwanafunzi naye aandike barua kumwelezea mwalimu anayetaka kwenda naye. Nikampa siku tatu. Akaniletea karatasi imekunjwa vizuri, akasimama akingoja niisome.

"Mwalimu Neema hachelewi kipindi. Anajitahidi kufundisha. Hapigi sana. Ni mwalimu wa kawaida, na tumemzoea."

Hapigi sana! Mwalimu, nilicheka mpaka nikashika meza. Nilicheka hadi mtoto akaogopa. Kisha kicheko kikageuka, sijui kiligeukia wapi, nikawa nafuta macho kwa mkono wenye chaki. Ulikuwa umekaa pale kwenye ile karatasi, wewe mwenyewe. Umetuachia sote wawili ugonjwa wako.

Nikamwambia akae. Nikamfungulia simu yangu nikamwonyesha yale majibu ya mwanzo, nikamtafsiria neno kwa neno, na nikamweleza kwamba niliiona ile barua kabla haijatumwa nikanyamaza.

Aliangalia chupa ya chura. Halafu akauliza, taratibu, "Kwa hiyo Mwalimu Bakari hakuniamini?"

Nilimjibu yote niliyoweza, habari za Tongoni, habari za dada yako, maana ya si haba. Alisikiliza kwa adabu, akainuka, akaaga. Siku mbili hakuleta madaftari mezani kwangu, alimtuma mwenzake. Fomu yake ikabaki haijarudi, na siku ya mwisho ya kuituma ilikuwa Ijumaa. Nilidhani nimeharibu mara ya pili. Mara ya kwanza kwa kunyamaza, mara hii kwa kusema.

Na sasa, Mwalimu, hapa ndipo nakuomba ukae vizuri huko uliko.

Unayajua madaftari yako ya maandalio ya somo. Yako kabatini yote, umeyafunika kwa magazeti na kuyaandika miaka mgongoni. Tangu ufe mimi nafundishia hayo hayo, maana hakuna anayepanga somo kama wewe. Na kila ukurasa, kwenye safu ya maoni, umeandika vijistari kwa herufi za Kiarabu. Shule nzima tulijua kwamba ni dua. Wale wakaguzi walipokuuliza, si uliwajibu mwenyewe, "Dua, mabwana, darasa hili bila dua halisogei"? Wakacheka, wakapiga muhuri. Nami mtoto wa usharikani, herufi zile kwangu ni mapambo tu, nilikuwa nikifika hapo naruka.

Siku ya Jumatano nilikuwa nafundisha jicho. Nikampa Zuhura daftari lako, kwa kuwa ndiye kiranja na anachora vizuri, achore ubaoni ule mchoro wako huku mimi nagawa vioo. Nikageuka. Naona amesimama na chaki mkononi, ubao mtupu, daftari ameliinua karibu na uso. Midomo inatembea. Darasa likaanza kunong'ona. Nikasema, "Zuhura, tunakungoja." Akachora. Mboni aliisahau.

Kengele ilipolia alibaki. Akaniambia, "Mwalimu, hizi si dua."

Nikamuuliza ni nini.

"Ni Kiswahili. Bibi yangu huandika hivi. Ni Kiswahili kitupu, kimeandikwa kwa herufi za madrasa."

Akafungua ukurasa wa ile safari ya Amani, akasoma kwa kuungaunga, kidole kikitembea kutoka kulia, na mimi nikaandika nyuma ya karatasi ya mtihani kila alichokisoma. Nakurudishia maneno yako kama yalivyotoka:

"Zuhura binti Salimu. Leo wenziwe wamemkimbia kinyonga, yeye kakaa naye chini hadi mvua. Kaniuliza, jicho moja likitazama mbele na jengine nyuma, kinyonga aona picha moja au mbili? Sina jibu. Miaka yote hii nasomesha, sijaulizwa swali hili na mtoto wala mkubwa. Huyu atafika nisikofika. Mashaallah. Mola amkinge."

Alipofika "nisikofika" alilirudia neno hilo, kisha akamalizia. Akakaa kwenye kiti chako kibovu akafunika uso na mtandio. Nami nikamwacha, maana nilikuwa siko vizuri mimi mwenyewe.

Kumbe ulitusifu, Mwalimu! Ulitusifu sote, kila siku, kwa wino, ukatuficha pale ambapo jicho halisomi. Tulikaa tukapekua mpaka mlinzi akaja kufunga mageti. Yuko mtoto uliyemtandika kwa utoro, kando ya jina lake umeandika kwamba anauza maji stendi alishe wadogo zake na kwamba una haya kwa kiboko kile. Yuko yule aliyekuwa na kigugumizi. Na niko mimi. Zuhura alilikuta jina langu bila mimi kumwambia atafute, akanitazama kwanza kama anayeomba ruhusa.

"Neema kasomesha leo badala yangu. Nimesimama dirishani asinione. Asomesha kunishinda. Mashaallah, mashaallah."

Siku ile nakumbuka. Ulikuja baadaye ukaniambia, "Si haba, ila chaki unaibana mno." Nilirudi nyumbani nimenuna.

Nilikwenda Tongoni kesho yake, Alhamisi, baada ya vipindi kumwomba Mama Mwanaisha ruhusa, maana maneno ni yako na wewe ni wake. Nikamkuta anakuna nazi. Nilipomsomea, hata hakustuka. Alicheka akapiga goti kwa kiganja. "Huyo? Mwanangu, humu ndani alikuwa hamalizi kukusifuni! Neema hivi, Zuhura vile, mpaka wali unapoa. Nikimwambia, si umwambie mwenyewe mtoto wa watu akafurahi, aniambia, nitamponza." Kisha akaendelea kukuna nazi, akasema, "Yapeleke. Sasa hayana wa kumponza, aliyeyasema kashatangulia."

Basi ndivyo nilivyoandika barua. Nilianza na maneno yangu, na safari hii sikuvua viatu mlangoni. Niliandika kwamba Zuhura ndiye mwanafunzi hodari kuliko wote niliowafundisha, nikalitazama hilo neno "hodari," nikaliacha. Kisha nikaandika: huyu alikuwa na mwalimu kabla yangu, sasa ni marehemu, ambaye kwa desturi ya kwao hakuweza kumsifu mtoto hadharani, na barua yake ya mwanzo mliisoma; haya ndiyo aliyoyaandika alipokuwa peke yake. Nikatafsiri mistari yako yote pamoja na mashaallah, nikaeleza maana yake, nikapiga picha ukurasa ule nikauambatanisha. Zuhura naye akaandika upya barua yake kunihusu. Hakunionyesha. Alisema, "Hii nimeandika kwa Kiswahili cha herufi za kawaida, Mwalimu, lakini usiisome." Yule dada wa steshenari aliyeitafsiri na kuichapa akaniangalia kwa tabasamu wiki nzima.

Mwalimu, ule mlango uliofungwa na barua yako, umeufungua mwenyewe. Wamemchukua! Wametuchukua.

Kwanza walituhoji kwa kompyuta ya ofisini kwa mkuu wa shule, mtandao ukikatika na kurudi. Walikuwa watatu, na mmoja wao mama wa makamo, mwalimu wa Biolojia kama sisi, akauliza swali moja tu kwa Zuhura: "Kinyonga anaona picha moja au mbili?" Nilishika kiti. Zuhura akasema amesoma majibu mawili yasiyopatana, hakuridhika na lolote, na bado anatafuta. Yule mama akacheka kwa furaha. Akasema kwao hakuna kinyonga hata mmoja, msitu wote, na kwamba wanafunzi wake wamewaona kwenye picha tu, kwa hiyo wanamngoja Zuhura awafundishe. Unasikia? Siku zote tulidhani tunakwenda kuomba elimu. Kumbe na sisi tuna cha kupeleka, na tumekikanyaga pale Amani tangu utoto wetu.

Nchi yenyewe ni Kosta Rika. Nimeitafuta kwenye ile ramani yako ya ukutani, iko pale palipotobolewa na msumari. Mama Mwanaisha ameniuliza kama huko kuna mchele. Baba yangu, ambaye maisha yake yote alikata mkonge na hajavuka Korogwe kwa shughuli yoyote isiyo ya mazishi, amewatangazia washarika wote Jumapili, wakapiga makofi, nikaona haya kama mtu wa Tongoni. Mama yake Zuhura yeye hajamwambia mtu sokoni. Anasema atasema mwanawe akisharudi salama. Nimemwelewa, sikumcheka. Amenipa machungwa kumi na mbili, akayapanga moja moja kwenye kikapu, akaniambia tu, "Nakukabidhi."

Tunaondoka baada ya mitihani ya muhula. Pasipoti ziko tayari. Zuhura ameanza kubeba kitabu kidogo kila aendako, anaandika kwa herufi zako, na akiona namtazama anafunga.

Nakuahidi mambo machache, na wewe unajua sipendi kuahidi. Nitamrudisha salama kwa mama yake, mkono kwa mkono. Madaftari yako sitayaacha yaoze kabatini. Tukirudi, Zuhura atasoma, nami nitaandika, na kila mwanafunzi wako tutakayempata tutampa maneno yake, hata kama sasa ana wajukuu. Yule wa maji ya stendi ndiye wa kwanza. Na darasani kwangu, mtoto akifanya vizuri nitamwambia usoni, siku hiyo hiyo, kabla chaki haijakauka mkononi. Nitaongeza mashaallah, mimi Mlutheri, ili na wewe uwe na amani. Na jibu la kinyonga likipatikana, nitakuja kulisema pale uani kwa Mama, karibu kadiri ninavyoruhusiwa kukukaribia.

Wameshamaliza kufagia. Wanapiga kelele bombani, maana bomba bado ni jambo jipya. Lazima niende nikawanyamazishe kwa sauti yako.

Lakini bado neno moja. Miaka yote niliyokaa nawe sikuwahi kukusifu, kwa kuwa ulinifundisha kuogopa. Nimefikiri juu ya hilo tangu siku ile Mama aliposema. Jicho halikupati tena, Mwalimu. Hakuna homa, hakuna presha, hakuna wa kukuponza. Nimeacha mlango wa maabara wazi, watoto wanapita, na nasema kwa sauti wanisikie: ulikuwa mwalimu hodari kuliko wote niliowaona maishani mwangu, na sisi sote tuliopita mikononi mwako tulipendwa bila kujua.

Mashaallah.

Lala salama. Mwanafunzi wako, anayebana chaki mno,

Neema